Unga Usioshika Jina

Naanza na ngano, maana nyumba yetu
haikuwa na mwanzo mwingine.
Baba, Eustachio Paolicelli, mwokaji wa Matera,
miaka arobaini na mmoja mbele ya tanuri
lililochimbwa ndani ya jiwe,
nyusi zake nyeupe kwa unga hata siku ya harusi.

Zamani kila ukoo ulipeleka donge lake kwenye tanuri la mtaa
likiwa limegongwa muhuri wa mbao,
ili mkate wa akina Tataranni usiende kwa Montemurro.
Muhuri wetu ulikuwa jogoo, herufi mbili tumboni mwake.
Tumboni. Neno hilo leo nalicheka
kwa upande mmoja wa mdomo.

Alikonda. Tukasema ni joto.
Damu ikapungua. Tukasema ni umri,
tukampikia maini, tukamkatia kipande kinene zaidi,
tukakichovya kwenye mafuta ya zeituni:
kula, baba, upate nguvu.
Akala. Mungu atusamehe, alikula kwa utiifu.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Cha baba kilikuwa mikononi,
kila alfajiri, akikikanda.

Daktari Loperfido alichora utumbo kwa kalamu ya risasi:
vijinywele vimesimama wima, shamba la mwezi wa Mei.
Kisha akachora wa baba:
shamba lile lile, limeshavunwa.
"Siliaki," alisema. "Pengine tangu utotoni.
Ngano ikiingia, mwili unajipiga wenyewe."
Baba alikuwa na miaka sitini na minne.
Aliuliza swali moja tu:
"Hata ganda?"

Hata ganda. Hata makombo. Hata vumbi la kisu.

Miaka mitatu alishika mwiko mchana.
Usiku nilisikia droo ya jikoni,
na ule mlio mdogo wa ganda likivunjika.
Nikageukia ukutani.
Hilo nalo liandikwe.

Kisha limfoma, ndani ya utumbo
uliochoka kugombana na nafsi yake.
Sikuthubutu kuuliza kama ni magandaganda yale.
Daktari alijibu bila kuulizwa:
hakuna ajuaye ni chembe ipi iliyoasi, wala lini.
Chembe ya ngano, chembe ya mwili.
Neno moja, nami nililala katikati yake majira yote ya baridi.

Sasa damu yangu imesema la baba.
Daktari, mzee zaidi, mkono ukimtetemeka,
alimimina mfuko wa maharage meupe mezani.
"Hawa wote wana ugonjwa wako, Brunella."
Akatoa meusi mawili mfukoni mwa koti,
akayatupa humo, akavuruga.
"Na hawa ndio wanaotutia hofu.
Utumbo ukipona, miaka ikipita bila ngano,
hata hawa hupungua."
Nikauliza: mimi ni lipi?
Akaanza kuyarudisha mfukoni, moja moja,
kama mtu aliyekumbuka chakula cha jioni.

Nimefagia tanuri mara saba.
Nimechoma meza ya kukandia, mwiko, ungo, vyote.
Muhuri sikuuchoma. Niliuchemsha,
nikausugua kwa mswaki wa meno kati ya manyoya ya jogoo,
huko unga wa babu yake baba ulikojificha.

Leo nimekanda mchele na mahindi.
Donge halivutiki, halirudi likibonyezwa,
limelala tu kama mgonjwa asiyetaka wageni.
Nikaligonga muhuri.
Jogoo alitokea, kisha polepole akapasuka,
shingo kwanza, herufi baadaye.
Unga huu haushiki jina.

Nimeuoka hivyo hivyo.
Alhamisi wananiingiza kamera, nisile tangu usiku wa Jumatano.
Leo ni Jumanne.
Nimekata kipande, kimemomonyoka,
nimekila kwa kijiko, kikiwa bado moto,
nimesimama mlangoni,
na harufu ya mkate wa watu
inapita mtaani bila kubisha hodi.